Safu ya "Kwenu"

Juzi nilikwenda kujiandikisha kwa ajili ya kura. Nilipanga foleni tangu asubuhi, miguu inauma, jua linanipiga utosini, hadi nikafika mbele ya kijana mwenye mashine. Akaniuliza jina, nikasema. Akaniuliza nilizaliwa lini, nikasema. Kisha, bila kuinua macho, akauliza:

"Origine? Kwenu wapi, mama?"

"Kolwezi."

Akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayemsaidia bibi yake kuvuka mtaro. "Hapana, mama. Si kwenye unaikala. Kwenu ya kabisa. Kwa tata yenu."

Nikampigia kelele. Sitaficha, maana watu wengi walinisikia. Nilimwambia aandike Kolwezi au afunge mashine yake aende, na mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mama wee, jua imemuingia." Kijana wa watu alibaki ameduwaa. Hakuwa na kosa lolote. Nilichosikia kinywani mwake kilikuwa sauti ya mtu mwingine, sauti ya kujua kuliko mwenyewe anayeulizwa, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nimefundisha shule ya msingi hapa Kolwezi tangu usichana wangu hadi kustaafu. Baba yangu alikuja kutoka kaskazini mwa Katanga na Biblia yake na ukali wake, na vyote viwili alinirithisha mimi. Nilipenda mistari. Watoto waliniita Mama Late, kwa sababu ya ile rula ya mbao niliyotembea nayo kutwa nzima, ya kuchorea na ya kuchapia. Kwangu mimi karatasi isiyo na safu haikuwa karatasi. Na nchi yetu ilinifundisha kwamba safu moja haikosekani kamwe: ukibatizwa, ukiingia shule, ukienda kuchomwa sindano, utaandika jina, halafu utaandika kwenu. Si pale ulipo. Kwenu ni pale alipotoka baba wa baba yako, hata kama hujawahi kupaona, hata kama hujui njia ya kufika.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi wa mapampu kule mgodi wa Mutoshi, kazi ya kutoa maji shimoni ili wengine wachimbe. Baba yake aliletwa na Wazungu kutoka Kasai kwa treni kuja kufanya kazi ya mgodi, na yeye alizaliwa hapa hapa. Nilimwita tata, yaani baba, kama wote walivyomwita. Mke wake alikuwa akikaanga mikate ile ya mviringo, akiuza mbele ya lupango, ua wa nyumba yao, na kila asubuhi alinirushia mmoja juu ya ukuta akisema, "Mwalimu, kamata, usiende kupiga batoto ya bantu na njaa!" Walikuwa wamezika watoto wawili katika makaburi ya hapa. Kila Jumapili baada ya misa walipita huko kung'oa majani.

Ilikuwa miaka ile kampani ya mgodi ilipoanza kuanguka. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, hospitali ikabaki na vitanda bila dawa, bomba la avenyi yetu, mtaa wetu, likawa linakohoa tu. Lakini redio, wee! Redio ilikuwa inaimba. Watu wamekutana Kinshasa, nchi itaandikwa upya, kutakuwa na katiba mpya, kila raia ana haki ya kusema. Tulikuwa na njaa na tulikuwa na furaha, vyote kwa pamoja. Ukiwaambia vijana wa leo hawaamini.

Jumamosi moja tata akaita watu wa avenyi nzima lupangoni kwake. Akasimama katikati na koti lake la kanisani, na mikono ile mikubwa isiyotoka grisi hata aioshe na nini.

"Inchi inaandikwa," akasema. "Sisi tutabakia kusikiliza tu mu radio? Tuandike na sisi. Tutume kule. Kama batasoma, muzuri. Kama hawatasoma, sisi tutakuwa tuliandika."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nikateuliwa karani, nani mwingine? Nikaleta kaye, daftari mpya, biki ya bluu, biki nyekundu na late yangu.

Sijawahi kuona mkutano kama ule, na nimekaa katika mikutano mingi. Mama mmoja alitaka katiba iseme maji yatoke kila siku. Mzee mmoja akataka iandikwe kwamba askari asishike kuku ya mtu bila kubisha hodi, na tulipocheka akakasirika: "Munacheka nini? Si kuku yenu." Kila pendekezo tulilipigia kura. Mke wa tata alileta chungu kikubwa, na kila mtu akapewa maharage na mahindi: harage ni ndiyo, hindi ni hapana. Ulikuwa unaingiza ngumi chunguni na kufungua vidole ndani, mtu asione. Kuku wa mzee walipita kwa maharage matupu.

Mwishoni tata akasema la kwake. Nililiandika kama alivyolitamka, na ninalikumbuka neno kwa neno: "Mahali muntu anatoka jasho na anazika bantu yake, pale njo kwao. Hakuna mwenye atamufukuza."

Mmoja akauliza, basi mababu zetu wenye ardhi watakuwa wapi? Mwingine akasema mambo hayo tuwaachie wakubwa. Tukapiga kura, na safari hii mahindi yalikuwa mengi chunguni, nikaogopa kwa ajili yake. Niliweka harage. Nataka hilo lijulikane. Maharage yakashinda, lakini kwa shida.

Kisha mke wa tata akamwaga kura zote pamoja kwenye sufuria, maharage na mahindi, za ndiyo na za hapana, akaweka chumvi, akapika. Tukala kura zetu pale pale, tumekaa juu ya mabenchi na ndoo. "Sasa iko mu tumbo," akasema, "hakuna mwenye ataiba!" Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Ilibaki kutia saini. Nikageuza ukurasa, nikachora safu kwa late: namba, jina, nambari ya nyumba, kazi, kwenu, saini. Kichwa cha kila safu nikakipigia mstari mwekundu. Hakuna mtu aliyeniambia nichore safu ya tano. Hakuna. Kinshasa hawakuiomba, tata hakuiomba. Mkono wangu uliichora wenyewe, kwa mazoea, na nikaona ukurasa umependeza.

Tata alikuwa wa kwanza. Nikaandika jina lake, nyumba yake, kazi yake. Nikauliza: "Tata, kwenu wapi?"

"Kolwezi."

Nikacheka. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya darasani, "Hapana, tata. Kolwezi unaikala. Kwenu ni Kasai."

"Mwalimu, tumetoka sasa hivi kupiga kura. Andika Kolwezi."

"Ile ni katiba, tata, itakuja. Hii ni liste. Liste inataka kweli."

Nikaandika Kasai, kwa herufi zangu nzuri, naye akiangalia. Akatikisa kichwa na kutia saini. Nyuma yake walikuja wengine wa kwao, wakaona kilichoandikwa juu, hakuna aliyebisha tena. Kasai, Kasai, Kasai. Niliandika avenyi nzima, nyumba kwa nyumba. Jumatatu kaye ikapelekwa kwa shefu wa avenyi, aigongee kashe, muhuri wake, na kuituma mbele. Haikufika popote. Ililala kwenye kabati lake.

Sijui kuhesabu ilichukua miezi mingapi. Ninachojua ni kwamba maneno yalitangulia. Kwenye mikutano wakubwa walianza kusema kwamba njaa yetu ina wenyewe, kwamba kazi zetu zimeliwa na wageni, kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Neno likashuka barabarani: bilulu. Wadudu. Nililisikia mara ya kwanza kwa mtoto wa darasa langu la tatu, akimwambia mwenzake wa dawati moja. Nikamchapa. Kesho yake baba yake akaja shuleni kuniuliza mimi niko upande gani, na sikumjibu vizuri. Nilimwambia kelele haziruhusiwi darasani, hilo tu.

Kule Mutoshi tata akaambiwa asirudi kazini. Mke wake akaendelea kukaanga mikate, lakini wateja wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Mimi niliendelea kununua. Nilijiona jasiri sana kwa kununua mikate.

Kisha asubuhi moja vijana wakaja na nyimbo. Walikuwa wengi, majani ya miti vichwani, na mmoja wao ameshika karatasi. Hawakuwa wakibahatisha. Walipita nyumba tatu bila kuzigusa, wakasimama ya nne. Wakaruka mbili, wakasimama. Nilikuwa mlangoni kwangu nikishangaa: wamejuaje? Katika nyumba ya nne alikaa mama mjane ambaye hata mimi nisingemjua ni wa Kasai kama nisingekuwa nimemuuliza.

Nisingekuwa nimemuuliza. Yule mwenye karatasi alikuwa amefika langoni kwangu, na niliiona. Vichwa vya safu vilikuwa na mistari myekundu.

"Aksanti, mwalimu," akaniambia, kwa heshima kabisa. "Ulifanya kazi muzuri. Inasomeka."

Akaingia kwa jirani.

Hawakuwapiga siku ile. Waliwapa hadi Ijumaa watoke, wakaandika alama ya chokaa ukutani. Mke wa tata alikaa chini kwenye kizingiti na mikono yenye unga, akanitazama juu ya ukuta. Alikuwa ameiona karatasi. Nikaanza, "Mama, mi sikujua," naye akaingia ndani. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nilikimbia kwa shefu, ilikokuwa imelala kaye. Kwenye kichwa changu jambo lilikuwa rahisi: mstari mmoja, neno moja, nilifute, niandike lile ambalo mwenyewe alisema, na wabaki. Shefu alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nikamwambia liste ina kosa, mstari wa kwanza, mtu yule alisema Kolwezi.

"Alisema," akajibu. "Na weye uliandika Kasai. Ni nani alikuwa anadanganya, yeye ao weye?"

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Akavuta karatasi nyeupe, akaiweka mbele yangu, na biki juu yake. "Sikiliza, mwalimu. Andika hapa ya kama beko bantu ba kwenu, ba kaskazini, ndugu ya tata yako. Utie saini. Mi nitagonga kashe, hakuna mwenye atabagusa. Lakini kama bakaona ni bongo, ya kama ulidanganya, utapanda nabo mu train. Weye na mama yako."

Mama yangu alikuwa mgonjwa nyumbani, ndiyo. Watu wakinisikiliza hapa huniambia, mama yako alikuwa mgonjwa, ungefanya nini? Nashukuru. Lakini nilikuwa pale na najua. Sikumwaza mama. Niliwaza yule baba aliyeniuliza niko upande gani. Nilishika biki. Mimi, Mama Late, niliyeandika Kasai bila kuambiwa na mtu, nilishindwa kuandika neno moja nililoombwa. Nikairudisha biki juu ya meza, nikasema nitarudi kesho. Shefu akasema, "Kesho, sawa." Wote wawili tulijua.

Ijumaa wakatoka. Stesheni ilikuwa imejaa, treni haina siku wala saa, basi waliobaki nje wakasukumwa kwenye shule. Shule ikafungwa ili iwapokee. Wiki ya pili nikasikia kwamba tata na mke wake wako katika darasa langu.

Nilipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikabeba, nikaenda. Madawati yalikuwa yamerundikwa ukutani, familia zimetandika chini, moshi, watoto wanakohoa, harufu ya watu wengi na maji machache. Tata alikuwa amekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamegonga juu, koti la kanisani likiwa limeshika vumbi. Mke wake alikuwa amelala amegeukia ukuta. Aliponisikia hakugeuka.

Nikaweka chakula. Nikapiga magoti pale kwenye sakafu yangu mwenyewe. "Tata, unisamehe."

Hakusema amenisamehe. Sitamtia mdomoni neno ambalo hakulisema. Aliangalia ubao, kisha akasema:

"Niulize tena."

"Nikuulize nini, tata?"

"Ile uliniuliza. Niulize tena. Na uandike."

Sikuwa na karatasi. Nikainuka, nikachukua chaki kwenye kisanduku changu, nikasimama ubaoni. Nikaandika jina lake.

"Tata, kwenu wapi?"

"Kolwezi."

Nikaandika Kolwezi. Mjane wa nyumba ya nne, aliyekuwa karibu na dirisha, akainuka bila kuitwa, akaja akasimama pale. "Na miye. Niulize." Nikamuuliza. Kolwezi. Akaja mwingine, na mwingine. Wakapanga foleni kati ya mablanketi na masufuria, wanaume, wanawake, mzee mmoja akishikiliwa mabega, na kila mmoja alisubiri niulize kwanza. Hakuna aliyekubali niandike bila kumuuliza. Niliandika hadi ubao ukajaa hadi chini, herufi zikawa ndogo, na chaki ikaisha vidoleni. Wa mwisho alikuwa mke wa tata. Alikuja amejifunga kitenge, akasimama mbele yangu, nikamuuliza.

"Ile makaburi," akasema, "njo kwetu. Andika ile."

Nikaandika.

Treni yao ilikuja siku ya nne baada ya hapo. Sikuwaona wakipanda, watu walikuwa wengi mno. Kama tata alibebwa au alitembea mwenyewe, sijui; wenye kurudi walisema tata alikufa njiani, kabla ya Kasai, na alizikwa kando ya reli, mahali ambapo hata treni haina kituo. Mke wake alifika. Miaka mingi baadaye, nchi ilipopata katiba mpya na tukaambiwa tupige kura ya ndiyo au hapana, mfanyabiashara mmoja aliyetoka huko aliniletea salamu zake. Salamu, hakuna zaidi. Nilimuuliza anaishije. Akasema anaishi, anakaanga mikate, na majirani wa kule wanamwita mama wa Katanga. Watoto wakimpitia wanamuuliza kwao ni wapi.

Siku ya kura ya katiba nilipiga ndiyo. Nilitafuta katika katiba ile maneno ya tata, nikasoma kifungu kwa kifungu kwa kidole. Maneno mazuri yamo, siwezi kusema hayamo. Ya kwake sikuyaona.

Lakini nimeruka jambo moja. Nimeliruka kwa makusudi, na nimekuwa nikiliruka kila mara ninaposimulia.

Treni ilipoondoka, shule ilipigwa maji na dawa, madawati yakapangwa, na kengele ikagongwa. Niliingia darasani asubuhi na watoto wangu. Madawati mengi yalikuwa na nafasi. Ubao ulikuwa bado umejaa, majina yote, na Kolwezi, Kolwezi, Kolwezi kutoka juu hadi chini, na lile neno la makaburi kwenye kona. Watoto walianza kusoma kwa sauti, maana nilikuwa nimewafundisha kusoma chochote kilichoandikwa ubaoni. Walisoma jina la tata. Walisoma Kolwezi. Walikuwa wamefika karibu katikati wakati mkuu wa shule alipopita barazani, akasimama mlangoni, akaangalia.

"Mwalimu," akasema, "futa ubao, tunaanza."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ngoja wamalize kusoma. Nikachukua kitambaa, nikakilowesha ndooni, nikafuta kuanzia juu, mstari wa kwanza kwanza. Halafu nikachukua late, nikachora mstari, nikaandika tarehe.